Mkamwana wa Wegesa

Siku naibu wa chifu aliposimama barazani pale Suna, Migori, na kutangaza kwamba wageni wote wanaoishi nchini bila karatasi warekebishe mambo yao kabla mwaka haujaisha, aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Wegesa. Alimgeukia jirani yake, muuza viazi, akamwambia, "Afadhali jamani. Hawa wageni wamezidi." Kisha akarudi kwenye meza yake sokoni, akaendelea kumtukana mteja aliyekuwa akichagua maharagwe punje kwa punje kana kwamba anachagua mchumba.

Wegesa alizaliwa Tarime, Tanzania, na karatasi pekee za Kenya alizokuwa nazo ni risiti za soko. Jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini. Alikuja Migori na mumewe angali msichana, mume akafa, yeye akabaki na meza ya maharagwe na dagaa, ambao wateja wake Waluo waliwaita omena na wakabishana naye bei vilevile. Mpaka aliujua kama kijia kinachokatiza shamba la mtama la binamu yake. Mtama ulivunwa upande mmoja ukapepetwa upande wa pili, na hakuna punje iliyowahi kuulizwa ilikotoka. Wakuria wenzake wamo pande zote mbili za mstari ule, na mstari ndio uliowakuta. Wegesa hakusema anavuka mpaka. Alisema anakwenda kwa dada.

Aliyemzindua ni mkamwana wake, Mourine, jioni ileile, akiwa ameinamia cherehani.

"Mama," alisema, "wageni ni sisi."

Wegesa alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akakaa chini.

Sasa nyumba hii yahitaji kuelezwa, la sivyo mtu hatafahamu ni kwa nini ilimtoa jasho afisa wa serikali. Wegesa alijaliwa mabinti watatu. Wote waliolewa, ng'ombe wakaingia zizini, ila mtoto wa kiume hakuja. Kwa Wakuria, mama mwenye ng'ombe na asiye na mwana hakai akalia. Hutoa ng'ombe wake, akamwolea mke yule mwana ambaye angekuwa naye. Mwana mwenyewe hajazaliwa na hatazaliwa, lakini mkewe anakuja, anawashiwa jiko lake, na watoto atakaowapata, kwa njia anayoijua mwenyewe, ni watoto wa mwana huyo. Nyumba inaendelea. Wegesa alimwita mwanawe Ryoba, na mke wa Ryoba ndiye Mourine. Mtoto wao wa kwanza, Liz, alitoka wa kike, Wegesa akasema si neno, Ryoba ndiyo kwanza anaanza. Na sasa Mourine alikuwa na mimba ya pili, tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni.

Na kwa kuwa mama ni mama, kadiri miaka ilivyokwenda Ryoba naye alikua. Akapata tabia. "Ryoba hapendi samaki wa miba," Wegesa angesema akinunua kitoweo. Ugali ukiungua, Mourine aliambiwa, "Bahati yako Ryoba si mtu wa hasira." Wateja wa zamani walimwulizia, naye akawajibu, "Hajambo, yupo." Hakuna aliyeona ajabu.

Aliyeona nafasi ni babake Mourine. Mzee huyo alizipata habari za baraza kule Tarime kabla hata waliohudhuria hawajafika makwao, akatuma ujumbe wa sauti kwa simu: kama Kenya inawafukuza, binti yake arudi nyumbani. Kuna dereva wa lori aliyefiwa na mke, anamtaka, na ng'ombe wa Wegesa watarudishwa wote. Wegesa aliusikiliza ujumbe huo, akaurudia. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha. Ndoa ikiisha, Ryoba hana mke wala watoto, na mtu wa namna yake akikosa hivyo hana kitu kingine cha kumfanya awepo. Lakini habari ya Ryoba ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili Wegesa hakumwambia mtu: alimpenda Mourine kuliko mabinti zake wa tumboni. Asubuhi asiposikia cherehani ile ikikoroma, chai haikupita kooni.

Basi alikwenda kwa Levis, kijana mwenye saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti, karibu na steji ya magari, bingwa wa mambo yote ambayo hakuyasomea.

"Mathe, permit ya biashara ni stori mrefu," Levis alisema, macho kwenye kompyuta. "Wewe kuwa studenti. Studenti wa hizi nchi zetu jirani hasumbuliwi sana. Na akiingia, anaingia na watu wake, wale wanamtegemea. Unaingiza mkamwana, unaingiza mtoi, mambo imeisha."

"Mwanafunzi? Levis, mimi nina mvi mpaka kwenye nyusi."

"Hapa hawajauliza mvi."

Chuo kilichokuwa bado kinapokea watu mwezi ule kilikuwa kimoja, Homa Bay, juu ya duka la simiti, na kozi iliyokuwa na nafasi ilikuwa moja: Huduma kwa Wateja. Kuna watu Suna waliotafuta pa kukaa waliposikia. Huyu ndiye Wegesa aliyewahi kumwambia mwalimu mkuu mbele ya kadamnasi kwamba kama hataki mawe kwenye maharagwe akanunue mawe matupu, huenda akabahatika kukuta maharagwe.

Kikatokea kikwazo. Ili mtu abadili hali yake kutoka mgeni awe mwanafunzi, sharti kwanza awe mgeni, na Wegesa hakuwa mgeni. Kwa mujibu wa serikali, alikuwa hajawahi kuingia.

"Kwa hiyo nitoke ili niingie?" aliuliza.

"Haswa," alisema Levis. "Toka, chukueni hati za kusafiria huko kwenu, halafu mrudi kwa barabara kama watu. Na mbebe mabegi. Wageni hubeba mabegi."

Wakatoka kwa kijia cha mtama, wote watatu, wakakaa kwa dada mpaka hati zikapatikana, kisha wakaja kuingia Kenya pale Isebania wakiwa na mabegi. Mabegi yalikuwa matupu. Binti aliyekaa dirishani alikuwa mchangamfu.

"Karibu Kenya, mama. Umekuja kufanya nini?"

"Kutembea," alisema Wegesa, kama alivyofundishwa.

"Umewahi kufika Kenya?"

Kabla hajajibu, mchuuzi mmoja wa soksi aliyekuwa ng'ambo ya kizuizi akamwona, akapaza sauti, "Mama Wegesa! Kesho unafungua? Niwekee dagaa!"

"Kidogo," Wegesa alimjibu yule binti.

Muhuri ukagongwa. Kwa mara ya kwanza maishani Wegesa akawa mgeni, na ugeni ukamwingia vibaya. Aliteremka ile barabara aliyoijua kama kiganja chake akitazama kushoto na kulia, begi amelikumbatia, na walipofika Suna alimwuliza muuza viazi kama maji ya hapa ni salama.

Chuoni walimpokea kwa vifijo. Tangu kianzishwe, hakikuwahi kupata mwanafunzi kutoka nchi nyingine. Walimpiga picha, wakaichapa kwenye bango refu lililoning'inizwa juu ya duka la simiti: DUNIA INATUCHAGUA. Pale alisimama Wegesa kwa ukubwa wa mlango, amekunja uso, kitenge kimefungwa kifuani, na watu walionunua simiti wakadhani ndiye mwenye duka.

Alipanga chumba Rodi Kopany, si mbali na chuo, akawa anakwenda Homa Bay kusoma siku za wiki na kurudi Suna Jumamosi. Mwalimu wake, Trizah, alikuwa binti wa rika la kitindamimba wake, mpole, mwenye kucha za rangi.

"Mteja siku zote ni mfalme," Trizah alisema siku ya kwanza.

Wegesa akainua mkono. "Mwalimu, samahani. Huyo mteja mmemtoa wapi?"

Lakini hakuwa mvivu. Alijifunza kutabasamu mbele ya kioo, jambo lililomuuma mashavu. Alijifunza kwamba mteja akipandisha sauti wewe unashusha yako, unamwuliza habari zake. Jumamosi moja alirudi mezani kwake Suna, akamtazama mteja wa kwanza, akasema, "Karibu mteja wetu mpendwa. Nikusaidie vipi?" Mteja akaweka chini sado, lile kopo la kupimia maharagwe, akaondoka mbiombio. Mchana huo wanawake watatu wa soko walimletea uji nyumbani, wakamwuliza Mourine pembeni ugonjwa umeanza lini.

Yote hayo yalikuwa mchezo. Kazi ilikuwa kwa Walter.

Walter ndiye aliyeshughulikia karatasi za wanafunzi wageni katika ofisi moja ndogo mjini Homa Bay. Alikuwa Mluo wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kalamu zake zimelala mezani kwa mpangilio wa urefu. Hakuomba chai wala hakupokea. Mtu wa namna hiyo ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu huna pa kumshika.

"Mama, wewe mwenyewe uko sawa," alisema. "Barua ya chuo iko, muhuri ya mpaka iko. Shida ni hawa wa kukutegemea. Huyu Mourine ni nani wako?"

"Mkamwana."

"Bibi ya kijana yako."

"Ndiyo. Mke wa Ryoba."

"Sasa Ryoba ako wapi?"

"Hajazaliwa."

Walter akaweka kalamu chini. Kwa adabu zake akadhani ni yeye aliyeuliza vibaya. "Atazaliwa lini?"

"Hatazaliwa, mwanangu. Mimi nimeshazeeka."

Walter akamtazama Mourine, akalitazama tumbo lake. "Na hii mimba?"

"Ya Ryoba."

"Lakini mama, si umesema Ryoba hayuko!"

"Hata kwa huyu wa kwanza hakuwepo," Wegesa alisema, akimsukuma Liz mbele, "na mtazame alivyofanana naye."

Walter alikunywa maji. Akaeleza, taratibu, kwamba kompyuta yake ina nafasi nne za mume. Yuko hai, alikufa, waliachana, au alipotea. Akiwa hai, aje mwenyewe aseme amekubali mkewe na mtoto wamfuate mamake. Akiwa amekufa, kiletwe cheti cha kifo. "Kusema ukweli, hiyo ya kufa ndiyo rahisi," aliongeza, kwa nia njema.

Wegesa alisimama. "Nimuue mwanangu kwa ajili ya karatasi? Mtoto ambaye hajawahi kunikosea?"

"Basi waliachana."

Mourine, ambaye hakuwa amefungua kinywa, alitikisa kichwa. Ikabaki kupotea, na aliyepotea huandikishwa polisi. Wakaenda. Polisi wa zamu alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, akafungua kitabu chake kikubwa bila haraka.

"Alionekana lini mara ya mwisho?"

"Hajawahi," alisema Wegesa.

"Alikuwa amevaa nini?"

Hapo Wegesa alifikiri sana. Ni mama gani atakubali mwanawe aandikwe polisi akiwa na matambara? "Shati jeupe," alisema. "La mikono mirefu."

"Urefu?"

"Mrefu. Baba yake alikuwa akiinama mlangoni."

"Ako na adui?"

"Mkwe wake."

Polisi aliandika yote, akayasoma, akavua miwani. "Mama, mimi nimetafuta watu miaka mingi. Huyu wako hajapotea. Huyu hajafika."

Akaandika hivyohivyo, akagonga muhuri. Wegesa alimpelekea Walter karatasi ile kwa furaha, maana hatimaye amempata mtu wa serikali mwenye akili. Walter aliisoma, akaikubali kuwa halali, akatafuta kwenye kompyuta nafasi ya mume ambaye hajafika. Haikuwepo.

Levis ndiye aliyeleta wazo lililokoroga uji. Kama tatizo ni Ryoba kutokuwa na karatasi, apewe karatasi. Akamwombea nafasi chuoni kwa mtandao. Chuo, kilichokuwa kimeonja utamu wa bango, kilimkubali Ryoba siku hiyohiyo. Alipewa nambari ya usajili. Wegesa aliitundika barua ile ukutani, akawasomea majirani: mwanawe amepata chuo. Muuza viazi alileta soda.

Baada ya wiki chache likaja onyo la kwanza, kwamba Ryoba hahudhurii masomo. Wegesa alikwenda mwenyewe kwa Trizah.

"Mwalimu, Ryoba si mtoro. Ni mtu wa kukaa nyumbani tu."

"Lakini mama, hata siku moja hajakuja."

"Kwani anawasumbua? Anapiga kelele darasani?"

Trizah alikiri kwamba katika nidhamu hakuwa na la kumlaumu. Lakini kanuni ni kanuni, na mwisho wa muhula Ryoba akafukuzwa. Wegesa aliipokea barua kwenye ngazi za chuo, chini ya bango lake mwenyewe, akakaa kwenye mfuko wa simiti na kulia. Yalikuwa machozi ya kweli. Watu walimpita wakidhani amefiwa, wakampa pole, naye akawaitikia. Ni uchungu gani huo, mtoto hajazaliwa na tayari dunia imemkataa?

Muda wa ugeni ukakaribia kwisha. Walter aliwataka waje kwa mara ya mwisho: ama wategemezi waingie kwenye pasi ya uanafunzi ya Wegesa siku hiyo, ama watoke nchini. Babake Mourine alipopata habari hakungoja. Alikuja Suna alfajiri na lori, dereva mwenyewe kwenye usukani, nywele zimepakwa mafuta. Alisema atawapeleka Homa Bay bure, kwa wema, na wakikataliwa huko atamrudisha binti yake moja kwa moja mpaka nyumbani. Wegesa alipotoka nje alikuta cherehani imeshapakiwa, imefungwa kamba.

Kwa hiyo siku ile waliingia ofisini lori likiwa linanguruma chini ya dirisha. Dereva alibonyeza honi kwanza kwa bodaboda, kisha kwa mlinzi, kisha, ilivyoonekana, kwa kupenda tu.

Walter alikuwa hajalala vizuri, mtu angeona. Kalamu zake hazikuwa kwenye mpangilio. Alikuwa amesoma vitabu vya kanuni mwanzo mwisho akitafuta mlango, na hakuupata.

"Mama, Mungu anajua nataka kukusaidia," alisema, na sauti ikampanda. "Lakini mtu hawezi kuwa baba ya mtoto na hakuwako! Hii hata si sheria. Hii ni akili tu. Kama hakuwako, hakuwako!"

Kila tusi Wegesa alilowahi kulitumia sokoni lilimjia mdomoni, kwa foleni. Aliyameza. Akashusha sauti kama alivyofundishwa.

"Sawa, mwanangu. Umechoka. Hivi wewe kwenu ni wapi?"

"Rodi Kopany."

"Kumbe! Ndiko nilikopanga. Kwa nani?"

"Kwa Okinda. Hapo juu, ukipita josho ya ng'ombe."

"Mzee Okinda yupo?"

"Alishakufa."

"Pole, mwanangu. Alikuacha darasa la ngapi?"

Walter alijibu akiwa anapangua karatasi, bila kufikiri, kama mtu anavyojibu jambo alilolijibu maisha yake yote. "Mimi hakunipata. Alikufa miaka mitano kabla nizaliwe."

Nje honi ililia tena.

Mikono ya Walter ilisimama juu ya karatasi. Alikuwa amesikia alichokisema mwenyewe. Kwa Waluo nako mume akifa, mjane hubaki mke wake. Ndugu wa marehemu huingia nyumba ile, lakini nyumba ni ya marehemu na watoto ni wa marehemu. Walter alikuwa Walter Okinda kwenye kitambulisho, Walter Okinda kwenye shahada yake, Walter Okinda kwenye kibao cha mlango huu waliouingilia. Yule ndugu wa marehemu aliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali, aliyemshikia baiskeli nyuma mpaka akajua kuiendesha, alimwita baba mdogo, na siku ya kumzika alikaa pamoja na watoto wa ndugu. Hakuwahi kuliona jambo hilo kuwa gumu. Halikuwa gumu.

"Alikuzaa vizuri," Wegesa alisema. Hakuwa akimdhihaki. Alimaanisha shati, kalamu, na ile tabia ya kutopokea chai.

"Eh," alisema Walter, taratibu. Akafuta macho kwa nyuma ya mkono na kusingizia vumbi la lori. "Ni baba yangu, huyo. Sina mwingine."

Akavuta kompyuta karibu. Kwenye nafasi ya mume akachagua kwamba yuko hai. Makao: kwa mama yake. Akaandika kwamba mume hangeweza kufika kwa sababu za kifamilia, na kwamba mama yake anasema kwa niaba yake. Kisha akasimama hapo.

"Imebaki kitu moja. Lazima nisikie kutoka kwa bibi mwenyewe. Hiyo siwezi ruka." Akamgeukia Mourine. "Dada, hakuna mtu anakulazimisha. Unataka kumfuata huyu mama kama bibi ya Ryoba? Hapo nje kuna mzazi wako, na kuna yule wa lori. Huyo ni mtu ako, anaonekana. Sema vile wewe unataka."

Miezi yote hiyo, kwa Levis, mpakani, chuoni, polisi, hakuna aliyekuwa amemwuliza Mourine swali hilo, na wa kwanza kutomwuliza alikuwa Wegesa. Alikuwa ameogopa serikali, ameogopa baba mtu, ameogopa kompyuta. Hakuwa amekumbuka kumwogopa Mourine. Yule dereva alikuwa mtu wa kushikika, mwenye mikono na lori. Ryoba alikuwa na nini? Alitaka kufungua kinywa amtetee mwanawe na hakupata hata sifa moja ya kuanzia. Akamshika Liz bega, akatazama sakafu.

Mourine, mimba yake ikiwa imekaribia siku zake, alikwenda dirishani. Dereva alikuwa ametoa kichwa nje, akimfokea mama muuza ndizi aondoe beseni lake.

"Nimekaa kwa Ryoba miaka saba," alisema bila kugeuka. "Hajawahi kunifokea. Hajarudi amelewa. Hajaniuliza pesa ya cherehani iko wapi. Nikiwa mgonjwa mama yake ananiosha miguu." Akageuka. "Wenzangu wote wameolewa na watu wenye wako, na hakuna mmoja anaweza sema hivyo. Andika, afisa. Mimi ni bibi ya Ryoba."

Walter akagonga muhuri, mara kwa mama, mara kwa mkamwana, mara kwa mtoto. Wegesa alitaka kumshukuru kama walivyofundishwa chuoni, kwa tabasamu na jina la mteja, lakini uso ulimkatalia. Alilia tu, na Mourine akamfuta kwa ncha ya leso, mbele ya mtu wa serikali, bila haya.

Walipotoka, mzee alikuwa ameegemea lori, mikono nyuma. Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa upande wa pili, amepangusa kiti.

"Haya, panda twende," mzee alimwambia binti yake.

"Siendi, baba," alisema Mourine. "Shusheni cherehani yangu. Mume wangu amekataa."

Dereva alicheka kwa sauti, akamtazama mzee ili acheke naye. Mzee hakucheka. Alifungua kinywa abishe, kisha akakumbuka ni ng'ombe wa nani aliokuwa akiwakama miaka yote hiyo, na ni kwa jina la nani alinyoosha mikono kuwapokea. Akakifunga. Akapanda juu ya lori yeye mwenyewe, akafungua kamba, akaishusha cherehani polepole mpaka ikagusa ardhi, akajipangusa mavumbi.

"Basi," alisema, "msalimieni."